AC ya nyuma ya HiAce ya zamani: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani

Inama chini ya HiAce iliyotembea miaka kumi na tano, ufuate zile paipu mbili za alumini zinazotoka mbele kwenda nyuma, moja nyembamba na moja nene. Simama penye bano la kwanza. Hapo ndipo tope hukwama kati ya chuma cha bano na alumini, likakaa bichi wiki nzima, na alumini ikaanza kuota unga mweupe. Pitisha kidole. Ukikuta vumbi jeusi limeganda kama grisi, umepata tundu lako, maana gesi inapovuja hutoka na oili ya kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC), na oili hunasa vumbi.

Tunaanzia hapo kwa sababu pesa nyingi za AC ya nyuma hupotelea kwenye vifaa visivyohusika. Mwenye gari anaambiwa kompresa imekufa, ananunua kompresa, anajaziwa gesi, na baada ya mwezi joto liko pale pale kwa kuwa tundu la chini ya sakafu halikuguswa. Tathmini hii inapita kwenye vitu vyote anavyouziwa mtu mwenye shida hiyo: dawa ya kuziba, paipu na hozi, evaporeta (kifaa chenye mapezi kinachopoza hewa), valvu, gesi yenyewe, na kazi ya fundi. Gari tunazozilenga ni HiAce za kizazi cha 100, zilizotengenezwa 1989 hadi 2004, na za kizazi cha 200 zilizoanza 2004, zile zenye AC mbele na nyuma. Mwenye Alphard, Caravan au Land Cruiser yenye AC ya nyuma atayakuta mengi yanamhusu pia, kwa sababu mpangilio ni ule ule: kompresa moja, kondensa moja ya kutoa joto nje, evaporeta mbili, na kila evaporeta ina valvu yake ya ekspansheni, inayopima gesi inayoingia. Gesi ni moja kwa zote mbili. Kwa hiyo tundu la nyuma huua na AC ya mbele, na hilo ndilo huwachanganya wengi.

Gari nyingi za aina hii hushuka bandarini zikiwa na ugonjwa tayari. Japani, maeneo ya theluji kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa kwenye mabano. Likija kuishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, hewa ya bahari inaendeleza pale chumvi ya Japani ilipoishia.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha hali mbili. Mbele na nyuma kote hakuna baridi: gesi imetoka, au kompresa haishiki. Mbele kuna baridi lakini nyuma ni joto: gesi ipo, shida iko nyuma peke yake. Hapo washa bloa (feni ya kupuliza hewa) ya nyuma, injini ikiwa inazunguka, uguse zile paipu mbili karibu na evaporeta. Nyembamba ikiwa vuguvugu na nene haina ubaridi wowote, huku upepo unatoka vizuri, valvu ya nyuma imeganda ikiwa imefunga. Nene ikiwa ya baridi na inatoa jasho lakini upepo ni hafifu, usiguse gesi kabisa. Angalia bloa, resista yake inayodhibiti kasi na vumbi kwenye evaporeta. Na kama valvu imeganda ikiwa wazi, utaona tofauti: presha ya upande mdogo, wa gesi inayorudi kwenye kompresa, inapanda, mbele nako baridi inapungua, na kompresa iko hatarini kwa sababu gesi inairudia ikiwa bado majimaji.

Kutafuta tundu kunahitaji mtungi wa naitrojeni kavu. Mfumo ukiwa mtupu, jaza naitrojeni hadi psi 150, funga geji, kisha pakaza povu la sabuni kila kiungo na kila bano. Fundi anayetumia upepo wa kujazia matairi anaingiza unyevu ndani ya mfumo. Anayetumia oksijeni ya mtungi wa kuchomelea anaweza kuua mtu, kwa sababu oksijeni ya presha ikikutana na oili hulipuka. Ukimwona anaivuta ile chupa ya oksijeni, ondoa gari lako.

Evaporeta inaweza kupimwa bila kufungua plastiki hata moja. Kama gesi bado imo, acha gari lilale bila kuwashwa, asubuhi weka kitambuzi cha gesi kwenye mdomo wa mpira wa kutolea maji wa AC ya nyuma. Gesi ya R-134a, inayotumika kwenye AC za gari nyingi za aina hii, ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutokea pale pale. Kitambuzi kikilia hapo na paipu za chini ni safi, evaporeta imetoboka.

Sasa vitu vya dukani, tukianza na dawa ya kuziba uvujaji, ile ya kikopo inayoingizwa pamoja na gesi. Hii iachwe. Zile zinazoganda hufanya kazi zinapokutana na hewa au unyevu penye tundu, na kweli kijitundu kidogo sana kinaweza kutulia kwa muda. Lakini tundu la paipu iliyoliwa na kutu nyeupe si kijitundu. Ukilikwangua kwa bisibisi linapanuka. Na unyevu hauko penye tundu peke yake. Mfumo uliokaa wazi una unyevu ndani pia, kwa hiyo dawa huganda kwenye valvu za ekspansheni na kwenye draya, ile chupa ya kunyonya unyevu. Umebadilisha paipu moja iliyotoboka kwa valvu mbili zilizoziba. Fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi naye atakuwa na haki ya kukataa gari lako, kwani dawa hiyo huharibu mashine.

Gundi ya epoksi juu ya paipu iko kundi hilo hilo. Paipu nyembamba hubeba presha ya upande mkubwa, psi 200 na zaidi, na alumini yenyewe imelowa oili. Gundi haina cha kushika.

Kuchomelea kwa argoni ni kazi halali, ila ina mipaka yake. Mchomeleaji mzuri anaziba tundu vizuri kabisa, tatizo ni sentimita mbili pembeni ambako ukuta wa paipu nao umekwisha na haujatoboka bado. Tunaikubali pale ambapo uharibifu uko sehemu moja tu, labda paipu ilisuguliwa na chuma, na alumini ya pande zote mbili inang'aa ikipigwa msasa. Paipu itolewe ndani ya gari, isafishwe oili, ndipo ichomelewe. Inayochomelewa ikiwa bado imefungwa chini ya gari, na oili inachemka ndani, irudishwe.

Unioni za kubana, zile zenye pete na oringi (kiduara cha raba) ndani, zinafaa zaidi kuliko watu wanavyozidhania. Unakata kipande kilichoharibika, unaingiza kipande kipya cha paipu, unabana pande mbili. Hazihitaji moto. Sharti ni kwamba paipu iwe mviringo kamili na safi kwa sentimita tatu au nne kila upande, na ipimwe kwa vernia, si kwa macho. Kwenye gari hizi nyembamba mara nyingi ni mm 8 na nene ni mm 12.7 au 15.9, tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya unioni ivuje. Kukata ni kwa kikatio cha gurudumu. Msumeno huacha unga wa alumini ndani, na unga huo unakwenda moja kwa moja kwenye kichujio cha valvu. Kwa kasoro moja au mbili, nunua unioni. Ukihitaji ya tatu, paipu yote imekwisha na unapoteza muda.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kitu tunachokipendekeza kuliko vyote kwa HiAce ya zamani: kutupa paipu za alumini za chini ya sakafu na kupitisha hozi ya AC kutoka mbele hadi nyuma. Hozi hailiwi na chumvi, inajikunja bila kupasuka gari linapotikisika kwenye rafu rodi, na gereji yenye mashine ya kubana inaitengeneza kwa urefu unaoutaka. Namba 6 ndiyo ya upande mwembamba, ina kipenyo cha ndani cha mm 7.9. Upande mnene huenda namba 10 yenye mm 12.7, au namba 12 yenye mm 15.9, kulingana na paipu uliyoitoa. Usishuke chini ya kipenyo cha mwanzo, la sivyo evaporeta ya nyuma itakosa nafasi ya kurudisha gesi.

Yapo mambo ya kuangalia kwenye hozi yenyewe. Lazima iwe ile yenye tabaka la nailoni ndani, iliyotengenezwa kwa R-134a. Hozi ya mafuta ya petroli au ya haidroliki inaweza kufanana nayo kwa nje na ikahimili presha, lakini gesi itapenya raba polepole na utajaza kila baada ya miezi michache. Ikatwe mbele yako, utazame ukingo: tabaka la nailoni linaonekana kama pete nyembamba ya rangi tofauti na raba. Vichwa vibanwe kwa mashine, na kola ya chuma ionyeshe alama za meno ya mashine kuizunguka yote. Klipu za kukaza kwa bisibisi, zile za hozi ya rejeta, zisikubaliwe hata kwa siku moja.

Upitishaji wake ndio unaotenganisha kazi ya kudumu na ya kubahatisha. Bano lenye raba kila sentimita 40 hadi 50. Mbali na bomba la moshi kadiri inavyowezekana, na panapobana iwekwe ngao ya bati. Hozi nene ivikwe sponji ya kuzuia joto mwanzo hadi mwisho, kwa sababu njia hiyo ndefu chini ya sakafu ya moto hupasha gesi inayorudi kwenye kompresa.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau wakishafunga hozi. Paipu ya mm 8 yenye ukuta wa mm 1 ina kipenyo cha ndani cha mm 6. Hozi namba 6 ina mm 7.9. Kwa urefu wa mita 4, nafasi inayoongezeka ni kama mililita 85, na upande huo gesi iko katika hali ya majimaji. Hiyo ni karibu gramu 95 za R-134a zinazotakiwa zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ya gari. Usipoziongeza, evaporeta ya nyuma, iliyo mwisho wa njia, ndiyo ya kwanza kukosa, na utalaumu valvu mpya isiyo na kosa.

Evaporeta ya mtumba kutoka Japani au mpya ya bei nafuu? Jibu letu ni mpya, hata isiyo ya kiwandani, kwa sharti kwamba imefika na vifuniko vyake kwenye midomo na ndani mna naitrojeni. Unapofungua kifuniko inapumua kidogo. Za mtumba zinazouzwa Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala mara nyingi zimekaa midomo wazi kwa miezi, na zilitolewa kwenye gari la umri ule ule na lako. Kama mpya haipatikani, mtumba upimwe kwa naitrojeni ukiwa ndani ya ndoo ya maji, psi 150, dakika kumi, kabla pesa haijatoka mfukoni. Hata kipovu kimoja kinachotoka taratibu kwenye kona ya mapezi ni sababu ya kuukataa.

Kabla ya kuibadilisha, hata hivyo, itazame iliyopo. HiAce ya abiria hupumua vumbi la barabara na nyuzi za nguo, na AC nyingi za nyuma hazina kichujio. Mapezi hujaa blanketi la kijivu, hewa haipiti, na mteja anaambiwa gesi imepungua. Dawa ya kusafishia mapezi, maji ya presha ndogo, brashi laini kufuata mwelekeo wa mapezi, na ule mpira wa kutolea maji upulizwe. Mpira ukiziba, maji humwagika kwa abiria. Ukirudisha evaporeta, hakikisha sponji zinazoizunguka zipo. Zikikosekana hewa hupita pembeni bila kupoa.

Valvu ya ekspansheni ya nyuma, oringi zote zilizofunguliwa na draya vinunuliwe vipya bila mjadala. Oringi ziwe za R-134a, zipakwe oili ile ile ya kompresa kabla ya kufungwa. Draya ifunguliwe mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu kwa pampu), maana chembe zake zinanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani inazijaza upesi. Wakati wa kukaza viungo vya alumini tumia spana mbili, moja ishike na nyingine izungushe. Spana moja hukunja shingo ya evaporeta mpya, na mpasuko wake hauonekani mpaka gesi iingie.

Oili nayo ina kipimo. Kwa gari za Toyota za R-134a oili ni ND-OIL 8. Evaporeta mpya huongezewa 40 cc, kondensa mpya 40 cc, draya mpya 10 cc. Kizazi cha 100 cha mwanzoni kilitumia gesi ya R-12 na oili ya madini, ND-OIL 6. Utaitambua kwa midomo ya kujazia yenye nyuzi za kukazwa badala ya ile ya kubofya. Gari hilo likihamishiwa R-134a lisafishwe ndani, oringi zote na draya vibadilishwe, oili iwe ya esta, na gesi iwe kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani.

Vakyumu kwa mfumo wenye AC mbili tunataka isipungue dakika 45, kisha pampu izimwe na sindano ya geji itazamwe nusu saa bila kusogea. Pwani sindano inafika inchi 29 za zebaki. Nairobi itaishia karibu 24, Kampala karibu 26, na pampu haina ubovu wowote. Hewa ya juu ni nyepesi, na geji inapima tofauti kati ya presha ya ndani na ya hewa iliyopo nje. Mafundi wa bara hulaumiwa bure kwa hilo, na wengine hununua pampu mpya bila sababu.

Kuhusu gesi tuna msimamo mkali. Mtungi wa kilo 13.6 upimwe presha kabla ya kufunguliwa. R-134a safi, mtungi ukiwa umekaa kivulini na joto lake ni nyuzi 30, inasoma karibu psi 97. Kwa nyuzi 25 ni karibu 82. Ikiwa mbali na hapo, rudisha mtungi dukani. Mchanganyiko unaweza kuigiza namba hizo, kwa hiyo muuzaji anayejulikana bado ni muhimu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua watu, kwa sababu ya gesi bandia yenye R-40, ambayo huunda kemikali za kulipuka inapokutana na alumini. Gesi ya kupikia nayo isiingizwe hata kwa bei ya bure: evaporeta ya nyuma iko ndani, pamoja na abiria kumi na wanne, na ikivuja hakuna ukuta kati yao na moto.

Ijazwe kwa mizani ya kidijitali, kwa uzito wa lebo pamoja na nyongeza ya hozi kama ipo. Kioo cha draya, cha kutazamia gesi inavyopita, peke yake kinadanganya. Povu kuisha si ushahidi kwamba evaporeta ya nyuma imepata haki yake. Gereji isiyo na mizani haifai kwa gari la AC mbili, hata kama fundi wake ana mkono mzuri.

Kuna huduma nyingine inayouzwa sana: kuikata AC ya nyuma kabisa ili ya mbele ifanye kazi. Kwa gari la mizigo tunaikubali. Lakini paipu zizibwe pale zinapogawanyika mbele, si kule nyuma kwenye evaporeta. Ukiziba nyuma, paipu ndefu isiyo na mzunguko hukusanya oili, na kompresa inakauka. Gesi nayo ipunguzwe hadi kiwango cha gari lenye AC moja.

Siku ya kuchukua gari, lisimame kivulini, milango imefungwa, bloa zote mbili juu kabisa, injini mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika kumi. Kwa joto la nje la nyuzi 30 na kitu, upande mdogo usome kati ya psi 30 na 45, mkubwa 200 hadi 270. Ukipita 300, angalia feni ya kondensa kwanza. Weka kipimajoto ndani ya tundu la hewa la kiti cha mwisho kabisa. Kwa hewa ya ndani inayozunguka, nyuzi 8 hadi 13 ni kazi nzuri kwa gari la umri huo. Kisha zima bloa ya nyuma, subiri dakika tano, iwashe tena. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja au mbili, valvu inafanya kazi na unaweza kulipa.